Nilivyommaliza Plotinus baada ya kuacha kuanzia ukurasa wa kwanza

Wale wanaosema kitabu ni lazima kisomwe kuanzia ukurasa wa kwanza wamenipotezea karibu mwaka mzima, na ndo maana naandika hii.

Mimi nilikuwa nataka kujua hizi elimu za siri za Ulaya, habari za Hermes (yule mwenye hekima wa Misri anayesimuliwa kuwa mwandishi wa maandiko ya siri), nafsi kupanda mpaka kwa Mmoja, yaani chanzo cha vitu vyote, zimetoka wapi hasa. Kila kitabu cha kitaalamu nilichoshika kinanirudisha kwa mtu mmoja, Plotinus, aliyesoma falsafa Alexandria miaka 11 kwa Ammonius halafu akafundisha Roma, akafariki mwaka 270. Jamaa mmoja akanishauri kwa kujiamini kabisa, achana na huyo, anza na Hermes maana Plato mwenyewe alichota huko. Nikanunua kitabu, na usafiri ikafika kama laki na nusu hivi, kufungua tu utangulizi nakuta msomi Isaac Casaubon alishaonyesha tangu 1614 kwamba Kigiriki cha yale maandiko ni cha baada ya Kristo, sasa Plato angechotaje? Hata Cosimo de' Medici, tajiri mtawala wa Florence, aliamini hivyo hivyo, mwaka 1463 alimwambia mfasiri wake Ficino aweke Plato pembeni atafsiri Hermes kwanza. Kitabu chenyewe ni kizuri na bado ninacho. Ushauri ndo ulikuwa mbovu.

Basi nikarudi kwa Plotinus. Insha zake zote zimekusanywa kwenye kitabu kiitwacho Enneads, na tafsiri ya zamani ya Kiingereza ya MacKenna iko bure mtandaoni, nikaishusha kwenye simu. Insha ya kwanza kabisa inauliza raha na huzuni, woga na ujasiri ni vya nani, vya nafsi au vya nafsi ikiwa na mwili, na inakuchukulia kama mtu ambaye tayari unawajua Plato, Aristotle na wanafalsafa wanaoitwa Wastoa kwa kichwa. Miezi mitatu nimekwama pale, usiku baada ya kazi nasoma kurasa mbili, kesho yake narudia zile zile. Nikaacha.

Kilichoniokoa ni wasifu ulioandikwa na mwanafunzi wake Porphyry, ambao watu wengi wanauruka. Mle Porphyry anakiri waziwazi kwamba mpangilio ni wake yeye. Alikusanya insha 54 akazigawa mafungu sita ya tisa tisa kwa sababu alizipenda hizo namba, nyingine akazikata ili hesabu itimie! Halafu anakupa orodha ya jinsi zilivyoandikwa kweli, 21 kabla yeye hajafika, 24 akiwepo, 9 baada ya kuondoka. Ile iliyonishinda mimi, kwenye orodha hiyo ni ya 53, mzee kaiandika akiwa mgonjwa karibu na kufa. Ya kwanza kuandikwa ni ile ya uzuri, inasomeka na mtu yeyote mwenye macho na subira.

Nikaipata pia habari ya Mjerumani Richard Harder, ambaye mwaka 1936 alionyesha kwamba insha ya 30 mpaka ya 33 kwenye ile orodha ni andiko moja kubwa, Porphyry kalikata vipande vinne akavitawanya kwenye fungu la tatu, la tano na la pili. Hapo ndo nikafanya kitu ninachojivunia mpaka leo. Nikaenda steshenari nikaprintisha vile vipande vinne tu, nikampanga yule kijana karatasi moja moja nini kinafuata nini, akanibaindia kwa ule waya wa plastiki, elfu chache tu. Nikalisoma kama kitabu kimoja wikiendi mbili. Anaanza taratibu kama mtu anayecheza, anasema hata mimea inatazama juu kwa namna yake, anakuja kwenye uzuri wa kule juu na zile picha walizochonga Wamisri hekaluni, anaenda, anaenda, na mwishoni anawageukia Wagnostiki waliokuwa wanakuja darasani kwake wakisema huyu aliyeumba dunia ni mwovu. Ndipo unaelewa kwamba muda wote alikuwa anajenga kesi ya kuitetea dunia hii. Ukivisoma vimetawanyika hulioni hilo kabisa.

Porphyry anavitaja hadi vitabu vya hao watu, Zostrianos na Allogenes, anasema Amelius, mwanafunzi mwingine wa Plotinus, aliandika kama vitabu 40 kumjibu Zostrianos. Na vitabu vyenye majina hayo hayo vikaja kupatikana kwa Kikopti karibu na Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945. Soma Zostrianos kando ya ile insha ya 33. Kimeharibika sana, mistari mingi imekatika, lakini unasikia pande zote mbili za ugomvi.

Zilizobaki nikafuata ile orodha, mwaka na miezi kadhaa. Nilipofika namba 53, raha na huzuni ni vya nani, nilikaa nayo jioni mbili tu.