Njegere za maziwa zimeniweka pabaya leo

Baridi ya Mbeya ya mwezi huu wa 7 mnaijua wenyewe, mtu unaogopa hata kushika maji.

Nimepita Mwanjelwa nikachukua njegere mbichi za kwenye maganda, tukakaa na mwanangu tunamenya, yeye akimenya moja anakula mbili 😂

Nikazichemsha na chumvi kidogo, zisilainike sana. Pembeni kitunguu na karoti kwenye siagi, kijiko kimoja cha unga wa ngano, halafu maziwa huku nakoroga maana ukizubaa tu yanafanya mabonge.

Sasa ule utando mzito wa maziwa ya jana, ule ambao mume wangu huwa anauwekea ulinzi kwa ajili ya chai yake, nikautia wote.

Jamani! Ikaanza kutokota taratibu, bwata... bwata... njegere zinachungulia kijani kwenye weupe.

Mama mkwe, ambaye kwake mboga bila nyanya ni chakula cha mgonjwa, kala na wali wa Kyela kimyaaa, baadae namkuta jikoni anakwangua sufuria na ukoko 🤣

Baba watoto ndo kaingia sasa hivi anaulizia utando wake.

Nimjibuje wadau?