Siku yangu moja na macho ya watu

Saa 1:30 asubuhi. Nawahi kushusha mapazia, maana kazini kwetu, tunakopima macho ya watu yanakwenda wapi wakisoma kurasa za kompyuta, jua ni adui. Kamera yetu, kijiti cheusi chini ya skrini, humulika macho kwa mwanga wa infraredi usioonekana, kisha husoma mboni pamoja na mng'ao unaorudi kutoka kwenye konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Jua nalo lina infraredi yake, tena ya kumwaga.

Saa 3. Kijana wa chuo. Namkalisha sentimita 60 hivi kutoka kwenye skrini, anafuata nukta tisa kwa macho ili mashine iyazoee. Dakika kumi, kamaliza.

Saa 4:15. Mama muuza vitenge. Miwani yake inarudisha mwanga, nukta zinakataa mara mbili.

"Mwanangu, mashine yako hainitaki."

"Inakutaka, mama. Inua kidevu kidogo tu."

Ya tatu inakubali. Anajaza fomu ya majaribio ya leseni ya biashara, nami kwenye skrini yangu namwona kwa kiduara kinachofuata jicho lake. Jicho linalosoma haliendi kwa mtelezo. Linatua kama robo sekunde, linaruka, linatua tena. Lake linatua kwenye kitufe cha "Wasilisha". Linapanda kwenye maelezo. Linarudi "Wasilisha". Mara saba! Habonyezi. Ulimi unaniwasha, lakini kumsaidia ni mwiko.

Tukirudia rekodi pamoja, namuuliza kama hakukiona.

"Nimekiona vizuri sana. Ila niwasilishe wapi? Karatasi zenyewe sina."

Saa 7. Wali maharage, haraka haraka.

Saa 8. Wawili zaidi. Mmoja ana kope za bandia, kamera inapoteza mboni kila akiangalia chini. Data yake haifai. Nauli yake tunampa.

Saa 10. Kikao. Naonyesha ramani ya joto, picha ya fomu inayozidi wekundu pale macho yalipokaa zaidi; kitufe kimeiva wekundu. Mbunifu wa fomu anachekelea: "Kinavutia!" Hapa ndipo ramani hizi zinaponichosha. Tangu Jakob Nielsen, mtafiti wa jinsi watu wanavyotumia tovuti, alipotangaza mwaka 2006 kwamba watu 232 walisoma kurasa za wavuti kwa umbo la herufi F, kila bosi anataka picha yenye rangi. Wekundu unasema jicho lilikaa hapo. Lilikaa kwa kupenda au kwa kuduwaa, hausemi.

Nawawekea rekodi ya mama, na sauti yake. Chumba kizima kimya.

Mbunifu anavuta kompyuta yake, anafuta herufi tisa, anaandika nne: "Tuma".