Taa za boti yetu zilikuwa zinanyang'anyana umeme

Boti yetu ni ya mbao, mita nane, ina moteri ya nyuma, na kazi yake kubwa ni kuleta ananasi za kisiwa cha Idjwi hapa Bukavu. Ananasi zinataka asubuhi. Ukifika bichi, yaani gatini, jua limeshapanda, mama wa sokoni wamekwisha kununua kwa wengine. Kwa hiyo tunaondoka kisiwani saa kumi ya alfajiri, giza bado nene, na sehemu kubwa ya safari tunakwenda kwa kutegemea taa.

Asiyejua Kivu usiku atadhani ziwa limelala. Siku zisizo na mbalamwezi wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, wametapakaa kila upande, mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na taa zao nyeupe zinazowavuta samaki. Katikati ya weupe ule wote, kinachomwambia mwenzako kwamba wewe unatembea, na unaelekea wapi, ni nyekundu yako ya kushoto na kijani yako ya kulia. Ukiona nyekundu ya mwenzako upande wako wa kulia, anakukatia njia na wewe ndiye wa kumpisha. Kanuni za kimataifa za 1972 za kuzuia vyombo kugongana zinasema hivyo, na zinataka kwa chombo kifupi kama chetu, chini ya mita 12, taa hizo za pembeni zionekane angalau maili moja ya majini, karibu kilomita 1.85, na ile nyeupe maili mbili. Zetu zilifika mahali hazionekani hata na mtu aliyesimama ufukweni.

Zilianza kwa kufifia. Mbele tuna taa moja yenye kioo cha rangi mbili, nyuma tuna nyeupe juu ya mti. Nikiwasha ya mbele peke yake, inawaka kwa uvivu. Nikiongeza ya nyuma, zote mbili zinashuka, zinakuwa kama makaa yanayozimika. Nikasema balbu zimechoka. Nikabadilisha. Hali ikawa ileile. Nikasema batri. Nikaipeleka kuchajiwa usiku mzima, nikaipima asubuhi: volti 12.6, batri nzima kabisa.

Hapo nikafanya kosa lililonigharimu wiki mbili. Nilinunua balbu za LED sokoni Kadutu, nikazitia, taa zikawaka vizuri, nikafurahi. Ile nyekundu iligeuka kama waridi na kijani ikaelekea bluu, kwa sababu LED nyeupe ya baridi haina wekundu wa kutosha wa kupita kwenye kioo kile, lakini nilijiambia si neno. Sikujua kwamba LED inakula umeme kidogo sana, kwa hiyo inaweza kuwaka hata kwenye waya mgonjwa. Ugonjwa ulikuwa palepale, unaendelea kula.

Alfajiri moja, tumeshaiacha Idjwi nyuma, mawimbi madogo yalitupiga ubavuni na taa zote zikazimika pamoja. Mdogo wangu aliyekuwa mbele, ambaye huniita yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, akapiga kelele: «Yaya, kuna boti inakuja!» Ilikuwa boti ya mwendo kasi, inatujia uso kwa uso, nasi hatuna hata cheche. Nilikata moteri, mdogo wangu akawasha tochi ya simu akaipunga juu ya kichwa. Walituona wakiwa karibu kiasi kwamba nilisikia mtu wao akitukana. Wimbi lao lilitumwagia maji mpaka magotini. Tangu Oktoba 3, 2024, meli iliyotoka Minova ilipozama mbele ya bandari ya Kituku kule Goma, abiria wanaopanda kwetu huuliza jaketi za kuokolea. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza taa, na mimi mwenyewe nilikuwa sijajiuliza inavyotakiwa.

Siku hiyohiyo nilimwendea mzee mmoja wa mtaa wa Nguba aliyetengeneza redio maisha yake yote. Nilimweleza: kwenye kishikio cha balbu ya mbele, nikitoa balbu na kupima, napata volti 12.5. Umeme unafika. Basi kwa nini taa haiwaki?

Alinisikiliza mpaka mwisho. «Mwanangu, umepima waya umekaa bure. Waya uliokaa bure haukuonyeshi kitu. Washa taa zote, umeme utembee, ndipo upime.»

«Na nipime wapi, Papa?»

«Kwanza kwenye taa. Kisha njia ya kwenda, kisha njia ya kurudi. Volti zilizopotea utazikuta njiani, haziwezi kwenda pengine.»

Nilirudi bichi na mita yake ya kupimia volti. Nikarudisha balbu za zamani za wati 10, maana hizo ndizo zinazouamsha ugonjwa, nikawasha zote mbili. Batri ikasoma 12.4. Kwenye taa ya mbele, volti 7.7 tu. Basi volti karibu tano zimeibiwa njiani. Nikaunga waya mrefu kwenye mguu mmoja wa mita ili ufike batri. Mguu mmoja kwenye chanya ya batri, mwingine kwenye chanya ya taa: 0.3. Njia ya kwenda ni nzima. Kisha mguu mmoja kwenye hasi ya batri, mwingine kwenye hasi ya taa. Waya mzima ungesoma karibu na sifuri. Mita ilisoma 4.4.

Sitasahau namba hiyo. Miezi yote nilikuwa nikihangaika na balbu, swichi, fyuzi, vitu vyote vya njia ya kwenda, na mwizi alikuwa kwenye waya wa kurudi.

Niliufuata kwa mkono. Chini ya benchi la katikati, pale maji ya sakafuni yanaposimama, hasi ya taa ya mbele na hasi ya taa ya nyuma zilikuwa zimesokotwa pamoja, zikazungushiwa skochi, utepe mweusi wa kunata, na kutoka hapo waya mmoja mwembamba wa spika ndio ulirudi batri. Nilishika fundo lile taa zikiwa zinawaka: lilikuwa na joto. Nilipolifungua, skochi ilitoka na maji yake, na ndani hapakuwa tena na shaba bali unga wa kijani. Nyuzi mbili tatu ndizo zilikuwa zimeshikilia kazi yote. Wimbi likitikisa, nazo zinaachia.

Nadhani aliyeifunga alikuwa fundi wa magari, na simlaumu sana. Kwenye gari bodi yote ni chuma na ndiyo masi, yaani njia ya umeme kurudi batri. Umeme unarudi popote. Boti ya mbao haina masi. Kila taa inahitaji waya wake wa kurudi, mnene sawa na ule wa kwenda. Na maji ya Kivu, ingawa si ya chumvi kama bahari, yana madini mengi. Shaba iliyo wazi haidumu ndani yake.

Kutengeneza kulichukua siku moja. Nilivuta waya mpya wa nyuzi nyingi, milimita 2.5 za mraba, jozi kwa kila taa, ukapita juu, chini kidogo ya ukingo wa boti, badala ya sakafuni. Kwenye maungio nilibana vichwa vya waya, nikavika mpira unaokaza kwa moto, na kwenye vishikio nikasugua kwa msasa na kupaka grisi. Fyuzi niliihamisha karibu kabisa na batri, kwa sababu waya ulio kabla ya fyuzi hauna ulinzi wowote. LED nitazirudisha siku nikipata zilizotengenezwa kwa vioo vya rangi.

Nikapima tena, taa zote zikiwaka: njia ya kurudi, 0.1.

Jioni mdogo wangu aliipeleka boti mbali na ufukwe, mimi nikabaki bichi na simu. Nikamwambia ageuke polepole. Nyekundu ilitokea peke yake, ikaungana na kijani alipoelekeza pua kwangu, nyekundu ikajificha ikabaki kijani, kisha ikabaki nyeupe tupu aliponipa mgongo. «Yaya, unaona?» Nikamwambia aende mbali zaidi.