Nakala Moja Barazani: Msimu Mpya wa Maktaba Yetu

Kuanzia Jumamosi ya kwanza ya Juni hadi tarehe 8 Septemba, ambayo ni Siku ya Kimataifa ya Kisomo, maktaba ya mji wetu itakuwa na shughuli ambazo haijawahi kuwa nazo zote kwa pamoja: kikundi cha wasomaji wazima, saa ya hadithi kwa watoto, darasa la kisomo, na vikao vya wazee kusimulia habari za mji. Mimi nimepewa kazi ya kuongoza kikundi cha wasomaji, kwa sababu ambayo mkutubi wetu aliieleza bila kupindapinda: "Mwalimu, wewe umestaafu, na kila siku uko hapa unasoma magazeti." Nilikosa la kujibu.

Kwa asiyeijua, maktaba yenyewe ni chumba kimoja kikubwa chenye ofisi ndogo pembeni, katika mji wa mkoa wa Tanga uliokua kwa reli na mkonge. Ifikapo saa 2 asubuhi meza zote zimekwisha kujaa wanafunzi wa sekondari. Wanakuja na madaftari yao, karatasi za mitihani iliyopita na chupa za maji, wanakaa hadi jioni, kisha wanaondoka bila kugusa rafu hata moja. Siwalaumu, kwani wengi wao nyumbani hawana meza, na taa ya sebuleni ni ya familia nzima na televisheni yake. Hata hivyo, kwa muda mrefu sasa mji wetu umekuwa ukiazima maktabani viti na utulivu, si vitabu. Juma lililopita nilichomoa riwaya moja kutoka kwenye rafu yenye namba 896.392, ambapo ndipo ilipopangwa fasihi ya Kiswahili, nikafungua jalada la nyuma palipobandikwa karatasi ya tarehe za kurudisha. Muhuri wa mwisho ulikuwa wa mwaka 2011. Mihuri ya miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa imesongamana hata mkutubi wa wakati huo akalazimika kubandika karatasi ya pili juu ya ile ya kwanza.

Mihuri hiyo haikujaa kwa bahati. Sheria ya kuanzisha huduma za maktaba za umma Tanganyika ilipitishwa mwaka 1963, Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, na mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani alihitaji mahali pa kupata kitu cha kusoma, la sivyo herufi zingemtoroka. Maktaba za mikoa na wilaya zilikuwa sehemu ya jibu hilo.

Sasa nirudi kwenye kikundi chetu, maana ndicho kinachoninyima usingizi. Hili si jaribio la kwanza. Mwaka jana tulikusanyika watu saba, tukachagua riwaya, na ndipo tukagundua kuwa maktaba ina nakala yake moja tu. Tukakubaliana ipite mkono kwa mkono, kila mtu majuma mawili. Msomaji wa tatu alipata msiba Handeni, akaondoka na kitabu mkobani, akakaa huko hadi arobaini ilipokwisha. Kitabu kilipomfikia wa tano, wa kwanza alikuwa amekwisha kuwasahau wahusika, na mimi niliyekuwa wa saba sikukiona kabisa. Duka pekee la vitabu mjini linauza vitabu vya kiada, madaftari na kalamu, kwa hiyo riwaya inabidi iagizwe Tanga au Dar es Salaam na kuletwa kwa basi, na si kila mtu anaweza kutoa bei yake pamoja na nauli ya mzigo.

Nilipendekeza tutoe fotokopi ya sura moja moja. Mkutubi akanionyesha kwa kidole tangazo lililobandikwa juu ya mashine, linalotaja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kisha akaendelea kugonga mihuri yake. Nilikasirika kidogo siku ile, na baadaye nikaona aibu, kwa sababu nimefundisha Kiswahili miaka zaidi ya 30 nikiwalalamikia wanafunzi kwamba waandishi wetu hawaishi kwa kalamu zao.

Njia tuliyoifuata safari hii nimeitoa utotoni. Mwaka 1973 nilikuwa mtoto wa miaka 8 wakati ilipoendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya karibu watu milioni 2 nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza redio. Kikundi cha baba yangu kilikutana chini ya mwembe. Redio ilikuwa moja, ya betri, na vijitabu havikutosha, kwa hiyo kipindi kilipokwisha kiongozi wa kikundi alisoma kijitabu kwa sauti, aya moja, kisha akanyamaza ili watu waseme. Wengine waliokuwa wakisema walikuwa hawajui hata kuandika majina yao. Nakumbuka ubishi mrefu kuhusu maji ya kisima, na nakumbuka vizuri zaidi kwamba baada ya siku chache baba alianza kuchimba choo kipya, nami nikawa mbeba udongo. Hakuna aliyelalamika kwamba nakala ni moja. Na kabla ya redio, tenzi zetu zilikuwa zikighaniwa mbele ya watu na mtu mmoja mwenye hati, wengine wakisikiliza. Kusoma kimyakimya, kila mtu na kitabu chake, ni desturi njema lakini si ya lazima.

Basi tutasoma kwa sauti, kila Jumamosi saa 9 alasiri, kwa muda wa saa moja na nusu. Tatizo lilikuwa mahali. Ukutani mwa chumba cha kusomea limeandikwa KIMYA kwa rangi nyekundu, herufi zenye urefu wa shibiri, na tulipofanya jaribio humo ndani Alhamisi mbili zilizopita, msichana mmoja wa kidato cha nne alitujia kwa adabu zote akasema, "Shikamooni. Samahani, Mwalimu, sisi tuna mtihani." Tulihamia barazani nyuma ya jengo, penye kivuli cha mkorosho, na kwa kweli ni mahali pazuri kuliko ndani. Walio na viti vya kukunja waje navyo, kwani tuna mabenchi mawili tu.

Kitabu cha kwanza ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Nimekichagua kwa sababu tatu, na ya kwanza si ya kifasihi: ni chembamba. Ya pili ni kwamba mwandishi ni mtu wa kwetu, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga, na lugha yake ina mwendo unaodai kutamkwa. Ukiisoma kimoyomoyo sentensi yake ndefu unaweza kuiona imejaa mapambo, lakini ukiipa pumzi unagundua kuwa kila pambo ni kituo. Ya tatu ni umbo lake. Kitabu kizima ni kesi: Karama ameshtakiwa kwa kueneza elimu ya uanasheria, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya Kusadikika, nchi ya kubuni iliyo angani, kutafuta mema ya nchi hiyo, wakarudi wakaambulia kifungo badala ya shukrani. Kikao cha kwanza tutasoma mashtaka, na vikao sita vitakavyofuata tutampa kila mjumbe Jumamosi yake. Mtu akikosa kikao kimoja hatapotea, kwa sababu mjumbe mwingine anaanza safari yake upya.

Katika jaribio letu tulisoma mwanzo tu, ile sehemu ya mashtaka. Msomaji wa kwanza alikuwa mama mmoja mshonaji wa nguo, ambaye alisoma polepole huku kidole kikifuata mstari, na alipofika kwenye neno lililomshinda hakuliruka, bali aliliuliza. Tulikaa kwenye neno hilo moja dakika kumi. Kisha kijana wa bodaboda, ambaye nadhani aliingia kwa kufuata kivuli, akauliza kwa nini mwandishi ahangaike na nchi iliyo angani badala ya kusema wazi anaisema nchi gani. Mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wa mahakama akamjibu bila kuinua uso, "Mwanangu, mwaka 1951 bendera iliyokuwa ikipepea pale bomani ilikuwa ya nani?" Kijana akanyamaza, kisha akaomba kitabu asome yeye. Alisoma vizuri kuliko sisi sote, kwa haraka kidogo, na tangu siku hiyo amenipigia simu mara mbili kuuliza kama Jumamosi ipo.

Kuanzia mwisho wa Julai tutaingia kwenye Kuli ya Adam Shafi, riwaya ya mwaka 1979 kuhusu wachukuzi wa bandarini Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Hiyo ni ndefu, na maktaba inazo nakala mbili, kwa hiyo tutasoma kwa sauti sura tutakazozichagua na nyingine zitasomwa majumbani kwa zamu, sharti pekee likiwa kwamba nakala haisafiri nje ya wilaya. Nimeipanga ikutane na vikao vya wazee, ambavyo vitafanyika Jumapili mbili za Agosti. Mji huu umejaa watu ambao baba na babu zao waliletwa kama manamba kukata mkonge, wengine kutoka Kigoma, wengine kutoka Songea na Njombe, na wazee wachache waliobaki bado wanakumbuka miaka ya 1960 ambapo Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani kwa zao hilo. Tunaomba waje na chochote walichonacho, iwe kadi ya kazi, picha au kisu cha kukatia. Vijana wawili watarekodi kwa simu, na mkutubi ameahidi kutenga kabati moja kwa ajili ya maandishi yatakayotokana na hapo. Nina wasiwasi kuhusu nani atayaandika, maana saa moja ya maneno ya mzee ni siku tatu za kazi ya kalamu.

Saa ya hadithi ya watoto itakuwa Jumamosi hizo hizo, saa 3 asubuhi, kwa wenye umri wa miaka 4 hadi 10. Hapa hatuna shida ya vitabu hata kidogo. Tangu ulipoanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto mwaka 1991, vimechapishwa vitabu vingi vizuri vya Kiswahili vyenye picha, na maktaba yetu ina rafu nzima ambayo watoto hawaifikii kwa sababu meza za wakubwa zimeizuia. Itashushwa na kusogezwa mlangoni. Utaratibu ni kwamba msimulizi anasema "Paukwa!", watoto wanaitika "Pakawa!", hadithi inasomwa, kisha kila mtoto anachukua kitabu na kukaa nacho robo saa bila kuulizwa swali lolote. Hilo la kutouliza maswali nimelipigania mwenyewe. Walimu wenzangu walitaka jaribio fupi la ufahamu, nikawaambia kwamba Jumatatu hadi Ijumaa zinawatosha. Wazazi wanaokuja kuwasindikiza watoto wasikae nje kwenye pikipiki. Ndani kuna magazeti.

Darasa la kisomo ni Jumanne na Alhamisi saa 10 alasiri, na tayari wameandikishwa watu tisa, saba kati yao wanawake wafanyabiashara wa sokoni, na ndiyo maana tumechagua saa hiyo ambayo soko limepoa. Mafunzo ya kompyuta yapo pia, kwa kompyuta tatu na umeme utakavyoruhusu.

Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, vikundi vyote vitakutana barazani. UNESCO iliitenga siku hiyo mwaka 2021, na hapa kwetu safari hii hakutakuwa na hotuba ya mgeni rasmi. Watoto watatega vitendawili, wanakisomo watakaokuwa tayari watasoma barua fupi walizoandika wenyewe, na sisi tutasoma mjumbe ambaye zamu yake itakuwa imefika. Uji na mihogo vitatolewa na akina mama wa kisomo, ambao walijitolea kabla hatujawaomba.

Kilichobaki ni kugawana sauti. Karama atasomwa na yule mama mshonaji, kwa ombi lake mwenyewe. Mfalme bado hana msomaji. Majivuno, waziri anayesoma mashtaka, amechukuliwa na karani wetu mstaafu wa mahakama, aliyesema kwamba ameshuhudia mashtaka yakisomwa kwa miaka 27 na hakuwahi kuruhusiwa kuyasoma yeye. Juzi nilipita nyumbani kwake kumpelekea kitabu, nikamkuta amekaa kibarazani amevaa koti, anasafisha miwani.