Aina yako mwenyewe ya nyanya: kazi iko kwenye kizazi cha pili

Ukiona nyanya imejiotea kando ya shimo la mboji, jiulize kwanza: tunda lililoacha mbegu hiyo lilitoka kwenye mmea gani? Kama lilitoka kwenye mbegu chotara ya dukani, yaani F1, kizazi cha kwanza, mche ulio mbele yako ni F2, kizazi cha pili. Kuna mtu alishachanganya wazazi wawili, na wewe umepokea wajukuu wao wakiwa wameanza kutofautiana. Kama lilitoka kwenye aina iliyotulia, ambayo watoto wake hufanana kizazi hadi kizazi, mche huo karibu hakika utafanana na mama yake, kwa sababu nyanya hujichavusha yenyewe. Vichavulio vyake vimeshikana vikawa koni inayoizingira sehemu ya kike ya ua, hivyo chavua ya nje haipati nafasi kirahisi. Michanganyo ya bahati ipo, lakini ni michache. Hutokea zaidi kwa aina ambazo stigma, ncha ya sehemu ya kike inayopokea chavua, imechomoza nje ya koni, hasa nyanya ndogo za mwituni na baadhi ya nyanya zenye jani la kiazi, yaani pana lisilo na meno.

Miche ya kujiotea huja kwa mafungu. Tunda zima limeoza mahali pamoja, mbegu makumi zimeota zikibanana, kisha mkulima anaacha mche mmoja ulionenepa na kung'oa mingine. Kwa mtu anayetafuta aina mpya, hiyo ni hasara kubwa. Kila mche wa F2 una mpangilio wake wa jeni, na ule uliowahi kunenepa huenda ndio wenye tunda baya kuliko yote. Fungu lichimbwe na donge lake la udongo, lilowekwe kwenye ndoo ya maji hadi mizizi iachane, kisha kila mche uende kwenye kikopo chake wenyewe. Fanya hivyo miche ikiwa na majani halisi mawili. Ukichelewa, mizizi hukatika.

Mche wa kujiotea umeshapita mchujo wa aina fulani: umeota kwenye udongo wa baridi au mkavu bila kubembelezwa. Lakini kutougua hakuthibitishi ukinzani. Huenda umesimama mahali penye upepo ambapo majani hayakai na unyevu, ndiyo maana ugonjwa wa bakajani haujaugusa. Ukinzani unaujua pale unapopanda watoto wake katikati ya mimea inayougua. Na kama majani yana mabaka ya kijani kilichopauka au yamesinyaa yakawa membamba kama uzi, ng'oa bila huruma. Virusi vya jamii ya batobato ya tumbaku hukaa kwenye ganda la mbegu na husafiri nayo hadi msimu ujao.

Ukitaka kuchagua wazazi mwenyewe, utachavusha kwa mkono. Unahitaji kibano chenye ncha kali, spiriti ya kukifuta, na lebo. Kwenye mmea wa mama, tafuta ua ambalo litafunguka kesho: petali zimeanza kuwa njano hafifu, bado zimeshikana, na koni ndani bado ina ukijani. Koni ikishakuwa njano ya kukolea umechelewa, kwani huenda chavua imeshamwagika ndani. Toboa koni ubavuni karibu na kitako chake, vuta nje kwa upole, itatoka vipande viwili au vitatu. Itabaki fimbo nyembamba ya kijani iliyosimama juu ya ovari, sehemu itakayokuwa tunda, na ncha yake ndiyo stigma. Ukiipinda au kuikwaruza ovari, achana na ua hilo, litadondoka. Fanya kazi hii kwenye maua mawili au matatu ya kishada kimoja, mengine yaondoe yasije yakala nguvu.

Chavua ichukuliwe kwa mzazi wa kiume asubuhi umande ukishakauka, kwenye maua yaliyofunguka siku hiyo au jana yake. Shika kijiko cheusi chini ya ua na ugusishe mswaki wa umeme kwenye kikonyo. Unga mweupe utauona wazi. Chovya stigma ndani ya unga huo, na urudie kesho yake na keshokutwa, maana stigma hubaki tayari kwa siku kadhaa. Funga lebo: jina la mama kwanza, kisha la baba, na tarehe. Andika kwa penseli, kwani wino hufifia juani. Kata pia ncha za sepali mbili, vijani vya kijani vilivyo chini ya petali, kwa mkasi mdogo. Sepali hukaa na tunda hadi linapoiva, hivyo hata lebo ikipeperuka bado utalijua tunda lako.

Ovari huanza kuvimba ndani ya wiki moja. Kikonyo kikigeuka njano kwenye kifundo na ua likaanguka, mara nyingi sababu ni joto: mchana ukipita nyuzi 32 au usiku ukizidi 24, chavua hudhoofika na maua hupukutika. Ngoja hali ya hewa ipoe badala ya kupoteza maua.

Utajuaje kwamba hujavuna mbegu iliyojichavusha? Mchague mama mwenye jani la kiazi, lile pana lisilo na meno. Sifa hiyo hufichwa na jani la kawaida. Kama baba ana jani la kawaida, kila mche wa F1 uliochanganyika kweli utakuwa na jani la kawaida, na wenye jani la kiazi ni wa mama peke yake. Jibu unalipata kitaluni, kabla hujatumia hata shimo moja la shamba. Kwa maoni yangu, anayeanza afuate njia hii kabla ya nyingine zote.

Kama wazazi wote wametulia, miche ya F1 itafanana, kwa hiyo panda miwili au mitatu tu. Watu wengi hukata tamaa hapa bure. Sifa walizozitaka hazionekani, matunda ni mekundu ya kawaida na ni madogo. Changanya nyanya ya waridi na nyanya ya njano, F1 itakuwa nyekundu. Waridi ni nyama nyekundu chini ya ganda lisilo na rangi. Njano ni nyama ya njano chini ya ganda la njano. Mtoto huchukua nyama nyekundu kwa mmoja na ganda la njano kwa mwingine, na hizo mbili kwa pamoja ndizo wekundu tunaouzoea. Kwenye F2, katika kila mimea 16, tarajia wastani wa 9 nyekundu, 3 za waridi, 3 za njano, na 1 iliyopauka karibu nyeupe. Menya ganda kidogo uliinue kwenye mwanga: kama lina unjano au halina, hapo hapo utaona.

Ndiyo maana idadi ya F2 ndiyo inayoamua kila kitu. Kwa sifa moja iliyofichika, inayotokea kwa mmea 1 kati ya 4, panda angalau 11 ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kuipata. Sifa mbili kwa pamoja, 1 kati ya 16, zinadai mimea 47. Sifa tatu, 191, na bustani ya nyumbani haiwezi. Anayepanda F2 nne kisha akasema mchanganyo wake haufai hajaujaribu bado.

Nafasi ikiwa ndogo, chuja kitaluni. Jani la kiazi huonekana mapema. Ukibete pia: mche kibete una shina nene, majani ya kijani kilichokolea yenye mikunjo, na unabaki mfupi wenzake wakirefuka. Sia mbegu 60, bakiza 15 vibete, na hao tu ndio waende shambani. Kwa mtindo huu Craig LeHoullier wa Marekani na Patrina Nuske Small wa Australia waliongoza wakulima wa kujitolea, tangu katikati ya miaka ya 2000, hadi zikatoka aina zaidi ya 100 za nyanya kibete. Kwa kuwa misimu ya kaskazini na kusini inapishana, mbegu zilivuka bahari na vizazi viwili vikapatikana kwa mwaka.

Ukubwa wa tunda ni habari nyingine. Unaongozwa na jeni nyingi, na udogo huelekea kushinda. Nyanya ya gramu 15 ikichanganywa na ya gramu 400 haikupi F1 ya gramu 200. Mara nyingi hata 100 haifiki. Ukitaka kurudisha ukubwa, ichanganye F1 tena na yule mzazi mkubwa.

Ladha usiihukumu kwa tunda la kwanza wala siku mbili baada ya mvua kubwa, kwani maji huizimua. Onja matunda matatu ya vishada tofauti, andika papo hapo, na umwite mtu mwingine aonje bila kumwambia unachopenda. Kisha ng'oa mimea isiyofaa. Chukua mbegu kwenye mimea miwili au mitatu iliyo bora, kila mmoja na bahasha yake. Ukichanganya mbegu za mimea miwili umevunja ukoo na hutajua tena unachokifuata. Kishada cha kutoa mbegu kivishe mfuko wa neti kabla maua hayajafunguka, ukitikise kila asubuhi, na uuvue matunda yakishashika.

Mbegu ziache kwenye maji yake zichachuke siku mbili au tatu, uoshe, ukaushe kivulini juu ya sahani. Karatasi laini hung'ang'ania mbegu. Bahasha iandikwe namba ya kizazi na ya mmea, kwa mfano F3-7-2: F3, kutoka mmea wa saba wa F2, mmea wa pili wa F3.

Kila kizazi cha kujichavusha hupunguza nusu ya mchanganyiko uliobaki: kwenye F2 ni asilimia 50 ya jeni walizotofautiana wazazi, F4 ni 12.5, F6 karibu 3. Kuanzia F3, mimea 6 hadi 10 kwa kila ukoo inatosha. Ukoo unaoendelea kutoa sura tatu tofauti kwenye F5 uweke pembeni kama una mwingine uliotulia. Ukifika F6 au F7, panda mimea kumi ya ukoo mmoja kwa mstari, na umpe mwenzako kumi apande kwenye udongo wake. Zote zikifanana jani, rangi na ladha huku na kule, ipe jina. Kabla ya hapo, mgawie mtu kwa namba ya bahasha tu, na umwambie kizazi.