Futeji ya stedikamu ikitikisika, angalia kwanza inatikisika vipi

Kitu kinachowachosha sana watu wanaoanza stedikamu, kifaa cha kubebea kamera ili picha itulie ukitembea, namaanisha ile ya kuvaa yenye fulana na mkono wa springi na sledi, ile nguzo yenye kamera inayoning'inia mbele yako, ni kwamba wakiona futeji inatikisika wanakimbilia kulaumu miguu. Basi wanaanza kunyata, magoti wamekunja, mgongo umeinama, muda si mrefu mwili mzima unauma na picha iko vile vile. Na mara nyingi miguu haikuwa na shida yoyote jamani. Shida ilikuwepo kabla hata ya hatua ya kwanza, iko kwenye balansi, ila ndo ikaja kuonekana walipoanza kutembea.

Mi nikiletewa klipu siulizi "unatembeaje", naangalia kwanza inatikisika vipi, maana kuna picha inayopanda na kushuka kufuata hatua, kuna inayobembea hasa ukianza kutembea au ukisimama, kuna fremu inayolala upande polepole mpaka majengo yanaonekana kama yanaanguka, halafu kuna ule mtetemo mdogo wa haraka haraka ambao picha yote inachezacheza kama jeli. Hizi ni shida nne tofauti. Dawa ya moja haigusi nyingine.

Ili hilo likae sawa kichwani, inabidi ujue kifaa chenyewe kinafanya kazi vipi. Garrett Brown, Mmarekani aliyekibuni miaka ya 1970, filamu za kwanza zilizopigwa nacho zikatoka 1976, na mwaka 1978 kifaa chenyewe kikapewa Oscar, hakuweka mota ya kunyoosha kamera wala kompyuta yoyote. Mkono wa springi unabeba uzito na kumeza ule mpando na mshuko wa mwili, gimbali, ile bawaba kwenye nguzo inayocheza pande zote, inakata mawasiliano kati ya mwili wako na kamera ili ukiyumba we yenyewe isiyumbe, halafu uzito umetawanywa, kamera juu, betri na monita chini, mbali na gimbali, ili kitu kizima kiwe kigumu kugeuka ghafla. Basi. Ndo maana ni tofauti kabisa na zile gimbali za mota za kushika mkononi, zile zinanyoosha mzunguko tu, mpando wa hatua haziumezi, kwa hiyo kule kunyata kuna maana. Ukiwa na stedikamu iliyosetiwa vizuri unatembea kawaida, kidogo tu laini, magoti hayajakazwa.

Sasa balansi. Hapa ndo nataka nikae maana asilimia kubwa ya maumivu yako hapa.

Funga kila kitu kwanza, lenzi, filta, betri, maiki, kebo, vyote kama vitakavyokuwa kwenye shoti, maana ukibalansi halafu ukaongeza hata filta moja mbele umeanza upya. Sledi iweke kwenye stendi yake ya kubalansia, itazame kwa mbele na kwa ubavu. Ikiinamia mbele sogeza kamera nyuma, ikilalia kulia sogeza kushoto, unasogeza kidogo sana, milimita, sio sentimita. Mpaka nguzo isimame wima yenyewe bila wewe kuigusa.

Halafu pima muda wa kudondoka. Ilaze nguzo iwe sambamba na sakafu, iachie, hesabu inachukua muda gani mpaka ipite wima. Wengi wanaanzia sekunde 2 mpaka 3 na mi pia napendekeza hapo. Ikidondoka haraka, tuseme sekunde moja, maana yake chini ni nzito mno, na sledi nzito chini ni pendulamu, ukianza kutembea chini kunabaki nyuma, ukisimama chini kunaendelea mbele, hapo ndo unapata ule mbembeo. Shusha gimbali kidogo kwenye nguzo, muda utaongezeka. Ukiipandisha, chini kunazidi kuwa kizito. Ikiwa inachukua muda mrefu sana nayo ni tabu nyingine, kamera haijui juu wapi chini wapi, kila unapoigusa inalala upande na inabaki huko huko, usipokuwa na vidole vilivyozoea utapigana nayo siku nzima. Na ukimaliza kugusa gimbali rudi uangalie tena kama nguzo bado iko wima, usiruke hiyo.

Kuna kipimo cha tatu ambacho watu wanakiruka na kinaumiza kwenye kupani, yaani kugeuza kamera kulia au kushoto. Izungushe sledi kwa kidole, kasi ile ile ambayo utapani nayo, sio zaidi. Nguzo ikibaki wima uko salama. Ikianza kuyumba kama inataka kuanguka, wakati ikiwa imetulia ilikuwa wima kabisa, ujue uzito wa huku na huku haujakaa sawa kwenye mzunguko, sogeza betri nje au ndani kidogo, rudisha wima kwa kusogeza kamera, zungusha tena. Inachosha mwanzoni kweli, ila bila hiyo kila ukipani haraka upeo wa macho kwenye picha utalala upande na utadhani ni mkono wako.

Kijana mmoja aliyekuwa anajifunza aliwahi kunitumia klipu akaandika "kaka naomba nisaidie, nahisi natembea vibaya". Nikaangalia, fremu inalala kushoto taratibu hata pale aliposimama kabisa kusubiri mhusika aingie. Mtu aliyesimama hatembei vibaya. Nikamwambia dogo shika betri uitingishe, kumbe loki haijabana, betri inateleza kidogo kidogo kila akitembea na balansi inahama nayo. Akaibana, akabalansi upya, ikaisha. Hatua zake zilikuwa nzuri tu tangu mwanzo, na niliona raha sana kumwambia hivyo maana alishaanza kukata tamaa.

Tukija kwenye mpando na mshuko, hapo lawama iende kwenye mkono wa springi. Mkono una sehemu mbili na kila moja ina nobu ya kuongeza au kupunguza nguvu. Ukiwa umesimama na sledi inaelea kwenye urefu unaoutaka, zote mbili ziwe karibu kulala sambamba na sakafu. Toa mkono wako. Sledi ikipanda, springi zina nguvu mno na utakuwa unaikandamiza chini muda wote, ikishuka ni dhaifu na unaibeba wewe, na hali zote mbili hatua yako inapita kwenye mkono wako moja kwa moja mpaka kwenye kamera, springi ziko pale hazina kazi. Halafu kuna zile skrubu za pale mkono unapoingia kwenye fulana, hizo zinaamua sledi ikae mbele yako au ikimbilie pembeni. Lengo ni usimame wima, mikono umeitoa, na sledi imetulia mbele yako karibu na mwili. Watu wanazirekebisha mara moja wanazisahau, wakati ukibadilisha kamera au hata namna ulivyofunga fulana inabidi uziguse tena.

Fulana ibane. Uzito ukae kwenye nyonga na mgongo uwe umenyooka, ukiinama mbele kufuata sledi mgongo wa chini ndo unalipa, na hii sio kazi ya kuchezea mgongo. Ukirudi nyuma au kwenye ngazi awepo mtu wa kukushika kiunoni akuongoze.

Mikono nayo. Mmoja unashika kishikio cha gimbali, huo ndo unaipeleka sledi angani, juu, chini, karibu, mbali. Mwingine unagusa nguzo chini tu ya gimbali kwa ncha za vidole, dole gumba na shahada na labda cha kati, kazi yake ni kuelekeza lenzi inaangalia wapi. Kugusa, sio kukamata. Ukiikamata umefuta kazi yote ya gimbali, mapigo yako, pumzi yako, bega lako, vyote vinaingia kwenye picha. Na usishike chini karibu na monita maana kosa dogo la vidole huko linakuwa kubwa kwenye fremu.

Ule mtetemo wa jeli sasa huo hauhusiani na mwili wako hata kidogo. Kitu kimelegea. Gonga nguzo kwa kidole huku unaangalia picha kubwa, utaona kinachoendelea kutetemeka, inaweza kuwa pleti ya kamera, lenzi ndefu isiyo na sapoti, kimkono cha monita, maiki ya juu. Kaza. Kama umekaza kila kitu na bado pembe za fremu zinarukaruka hasa na lenzi pana, zima ile stabilaiza ya ndani ya kamera halafu linganisha, kwenye kamera nyingine inafikiri pani yako ni mtikisiko na inajaribu kuizuia, halafu inaachia ghafla. Angalia pia kebo yoyote inayotoka kwenye sledi kwenda kwenye mwili wako au kwa mtu wa sauti, kebo ngumu inavuta. Na beringi za gimbali, niliwahi kukodi sledi ambayo gimbali yake ilikuwa inakwama kidogo sehemu moja ya mzunguko, kila pani inapita pale inaruka, hiyo hakuna balansi inayotibu, inabidi ibadilishwe.

Usitegemee programu ya kunyoosha kwenye editi. Kama umepiga fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ni sekunde 1/50, kila mtikisiko umeacha ukungu wake ndani ya fremu, programu itanyoosha mwendo lakini ukungu utabaki, picha imetulia halafu inafifia na kurudi kila hatua. Inaudhi kuliko mtikisiko wenyewe.

Mazoezi ninayoyaamini ni ya kubandika alama ya X ya tepu ukutani, weka katikati ya monita, isogelee, rudi nyuma, ipite kwa pembeni, muda wote X ibaki katikati. Polepole. Tumia lenzi pana kwanza, milimita 24 hivi, ukiona uko vizuri nenda milimita 50 uone makosa yote yanavyokuzwa. Rekodi kila mzunguko uangalie kwenye skrini kubwa, monita ndogo inaficha mengi. Kaza sana kwenye sekunde ya kwanza na ya mwisho, kuanza na kusimama, vidole vinatakiwa viizuie sledi kabla haijaanza kubembea, sio baada. Kutembea katikati pale ni rahisi, mwili unajifunza wenyewe.

Upepo ni habari nyingine, nje kukiwa na upepo ongeza uzito chini kidogo na tafuta mtu akukinge na ubao au kitambaa kikubwa.

Mwenye klipu inayomsumbua anitumie, ila aniandikie na lenzi aliyotumia, shata, muda wa kudondoka, na kama stabilaiza ya kamera ilikuwa imewashwa au imezimwa, bila hivyo nitakuwa nabahatisha tu.