Iringa mpaka Dodoma kuliona Bunge, na swali la mama wa Migori

Somo la Uraia nimelisoma tangu fomu wani, mihimili mitatu ya dola naitaja hata ukiniamsha saa nane usiku. Lakini mpaka naingia chuo mwaka wa kwanza sikuwahi kuona mhimili hata mmoja ukifanya kazi mbele ya macho yangu, ndo maana tulivyopata kibali cha kwenda Dodoma kuangalia Bunge la bajeti mwezi wa sita mi usiku ule sikulala kabisa.

Tulikuwa sita, tukapanda basi alfajiri, na Iringa mwezi wa sita baridi yake mnaijua. Jua linatoka tuko Ismani. Mi Ismani nilikuwa naijua kwa mahindi na kwa ile habari ambayo wazee wakiisimulia wanashusha sauti, kwamba huku ndiko siku ya Krismasi mwaka 1971 mkulima Saidi Mwamwindi alimpiga risasi mkuu wa mkoa Dk. Wilbert Kleruu, enzi za vijiji vya ujamaa, ugomvi wa shamba. Baadaye naye Mwamwindi akanyongwa. Shuleni ujamaa tuliusoma kama faida na hasara, unaandika pointi sita unapata maksi zako. Sasa nayaangalia yale mashamba dirishani nikawa najiuliza, hivi mwananchi na kiongozi wake wanafikaje mahali pa kuuana, kabla ya hapo walikaa wapi wakaongea na nani aliwasikiliza? Sikupata jibu, basi likateremka Nyang'oro, mibuyu ikaanza, makoti tukavua.

Migori akapanda mama mmoja wa makamo, akakaa siti ya pembeni yangu. Nikamsalimia kamwene, akafurahi, akauliza mwanangu mnaenda wapi na masuti hayo. Nikamwambia tunaenda bungeni, tunajifunza mambo ya serikali. Akanyamaza kidogo, basi limesimama pale Mtera vijana wanapitisha samaki dirishani, akachagua fungu la perege wakavu, akawanusa, akalipa, ndo akanigeukia. Akasema yeye ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji muhula wa pili sasa, afu akaniuliza, "Mkutano mkuu wa kijiji chenu wa mwisho mlijadili nini?"

Jamani. Nina miaka ishirini na moja. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na ndio wenye kauli ya mwisho juu ya mambo ya kijiji, haya yote nilishayajibu kwenye mtihani. Lakini wa kwetu Kilolo sijawahi kuhudhuria hata mmoja. Nikamwambia ukweli. Hakunisema, akanieleza tu taratibu jinsi kijijini kwao walivyokataa kupokea taarifa ya mapato na matumizi kwa sababu hela ya ushuru ilisomwa kwa jumla, wakamwambia mtendaji wa kijiji arudi na risiti, na akarudi nazo. Alikuwa anaongea huku kashikilia mfuko wa samaki mapajani, na ile "akarudi nazo" aliisema mara mbili.

Bungeni tuliingia kesho yake asubuhi, simu tumeacha getini, ukaguzi, tukapelekwa jukwaa la wageni. Saa tatu siwa, lile rungu la heshima la Bunge, ikaingizwa, watu wote wima, dua ikasomwa, maswali yakaanza. Mwili ulinisisimka nikakumbuka kwamba kiti kile cha Spika kwa miaka mingi alikalia Mhehe mwenzetu, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Wageni walivyotangazwa tukasimama, wabunge wakagonga meza, kwa kweli nilijisikia raia.

Afu likaja swali la mradi wa maji wa kijiji fulani, sio cha kwetu ila kingeweza kuwa cha kwetu. Naibu waziri akajibu kwamba Serikali itatenga fedha kadri zitakavyopatikana. Maswali mawili ya nyongeza, majibu mafupi, wakahamia swali jingine, dakika tano hazikufika. Sisemi ni jambo dogo, mbunge yule kafanya kazi yake na jibu limeingia kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge. Ila mi nilikuwa namuwaza mama wa Migori, yeye alipata risiti. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, na mi miaka yote hiyo yaliyoletwa mpaka mlangoni kwetu sikuwahi kutoka nje kuyapokea, naangalia ya Dodoma kwenye tv.

Likizo nikaenda nyumbani. Mkutano ulifanyika shule ya msingi chini ya mti, akina mama wamekaa kwenye kanga zao, vijana wa umri wangu niliwahesabu wanne tu. Taarifa ya mapato na matumizi ikasomwa haraka haraka kutoka kwenye kaunta buku. Nikanyoosha mkono, mikono inatetemeka, nikauliza michango ya kukarabati kisima imekusanywa kiasi gani na risiti ziko wapi. Kimya. Afu mzee mmoja nyuma akasema kijana arudie swali wote tusikie. Nikarudia. Mwenyekiti akasema litajibiwa mkutano ujao, nikaomba liandikwe kwenye muhtasari, na nikasubiri pale mpaka mtendaji alipoliandika.

Mkutano ujao ni baada ya miezi mitatu. Nimemwambia mama yangu anipigie siku wakibandika tangazo, na nauli ya kutoka chuo nimeshaiweka pembeni.